Nyumba ya Ukuta Mmoja: Tunapouza, Jirani Ana Haki Gani?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Likizo iliyopita nilifanya jambo ambalo wengi wetu tunaosoma masomo ya Kiislamu tutalifanya siku moja, kama bado hatujalifanya. Niliulizwa hukumu ya sharia mbele ya jamaa zangu, nikajibu. Jibu langu lilikuwa la sentensi moja, na ndani yake hapakuwa na uongo. Hata hivyo nimeomba msamaha kwa ajili ya sentensi hiyo, kwanza kwa Mola wangu, kisha kwa baba yangu mdogo. Katika makala haya nataka kueleza kwa nini.

Swali lilikuwa hili: mtu akiuza nyumba iliyoshikana na ya jirani yake, jirani huyo anamdai nini? Nyuma ya swali hilo kuna jingine kubwa zaidi, nalo ndilo lililonisumbua: jambo ambalo sharia haikulazimishi, je, ndiyo basi, huna dhima nalo tena?

Nyumba yenyewe

Kwetu ni Majanji, wilaya ya Busia upande wa Uganda, pale barabara inapoishia na Ziwa Viktoria linapoanza. Ni mwalo. Mitumbwi huondoka jioni na kurudi alfajiri, na mukene (wenzetu wa Kenya huwaita omena) huanikwa juani. Wasamia tuko pande zote mbili za mpaka, kwani mwaka 1902 Waingereza waliukata mkoa wa mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Mpaka ukapita katikati ya jamaa, lakini watu wakaendelea kuoana, kuzikana na kuuziana samaki.

Babu yetu alijenga nyumba mbili chini ya paa moja. Ukuta wa katikati ni mmoja, wa matofali ya kuchoma, na boriti za pande zote mbili zimelala juu yake. Mfereji wa bati unaokusanya maji ya mvua ni mmoja na unamwaga katika tangi moja. Njia ya kutoka barabarani ni moja, na choo cha nyuma ni kimoja. Kabla hajafariki, babu aliwaita mashahidi, akampa baba upande wa kulia na baba mdogo upande wa kushoto, na kila mmoja akakabidhiwa chake akiwa hai. Kwa hiyo ilikuwa hiba iliyotimia, wala haikuwa mirathi.

Baba alirudi kwa Mola wake mwaka 2022. Alituacha mama, kaka yangu, dada yangu, mimi, na mdogo wetu wa kike ambaye sasa ana miaka 11. Mama alihamia Busia mjini, anauza vitenge. Sisi wengine tulitawanyika. Upande wetu ukabaki mtupu, bati likaanza kuvuja, na ukuta wa katikati ulikuwa na ufa tangu mwaka 2020, pale maji ya ziwa yalipopanda mpaka yakaifikia alama ya 1964 ambayo wazee walikuwa wakiisimulia. Tulikubaliana kuuza.

Tangu barabara ya kutoka Musita kupitia Mayuge na Lumino iwekwe lami, viwanja vya kwetu vimepanda bei. Dalali alituletea mnunuzi, mfanyabiashara wa samaki, mtu muungwana kwa kila nilichokiona. Alitaja shilingi milioni 60, taslimu. Alikuwa na nia ya kubomoa upande wetu na kujenga ghala lenye duka mbele. Baba mdogo aliposikia alisema anautaka yeye, lakini uwezo wake ulikuwa milioni 40, tena kwa awamu, kwa muda wa miaka miwili.

Tulikaa kikao siku ya Ijumaa baada ya swala. Kaka akanigeukia akasema: “Wewe ndiye unayesoma dini. Tuambie, baba mdogo ana haki ya kutuzuia?”

Nikasema: “Kwa madhehebu yetu ya Shafi, mali ikishagawanywa na mipaka ikawekwa, jirani hana shuf’a.”

Baba mdogo hakubisha. Alisema, “Haya, mwanangu, wewe ndiye uliyesoma,” akainuka kwenda kufunga mitumbwi yake.

Nilichokisema na nilichokinyamazia

Shuf’a ninayoizungumzia si ile ya Siku ya Kiyama. Katika fiqhi ni haki ya mtu kuichukua mali isiyohamishika ambayo mshirika wake ameiuza kwa mtu mwingine, kwa kulipa bei ile ile aliyoilipa mnunuzi. Hekima yake, wanavyoeleza wanazuoni, ni kuondoa madhara: usije ukaamka asubuhi ukakuta umefungwa pamoja na mtu usiyemchagua, katika kitu ambacho huwezi kukikimbia.

Wanazuoni wametofautiana ni nani mwenye haki hiyo. Imam Malik, Imam Shafi na Imam Ahmad wanampa mshirika tu katika mali ambayo haijagawanywa. Wanafunzi wa Imam Abu Hanifa wanampa kwanza mshirika wa mali yenyewe, kisha mshirika wa huduma zake kama njia na maji, kisha jirani aliyepakana. Ibn al-Qayyim, akifuata njia ya mwalimu wake Ibn Taymiyya, alishika katikati: jirani ana haki ikiwa bado wanashirikiana katika kitu kama njia au maji, na kama hawashirikiani basi hana.

Hoja kubwa ya wale wa kwanza ni hadithi ya Jabir bin Abdillah (r.a.) iliyomo katika Sahihi Bukhari. Maana yake ni kwamba Mtume (s.a.w.) alihukumu shuf’a katika kila kisichogawanywa, na mipaka ikishawekwa na njia zikishatenganishwa, hakuna shuf’a.

Ndugu msomaji, rudia kuisoma sentensi niliyoisema mbele ya baba yangu mdogo, kisha uilinganishe na hadithi. Hadithi inataja mambo mawili: mipaka kuwekwa na njia kutenganishwa. Mimi nilitaja mipaka, nikaziacha njia. Na njia yetu ni moja! Nilikuwa naijua hadithi hiyo kwa moyo, kwa Kiarabu chake, kwani nilikuwa nimeifanyia mtihani muhula uliotangulia.

Sisemi kwamba Mashafi wamekosea. Wana majibu yao kuhusu neno hilo la njia, na ni majibu ya watu wa elimu. Ninachosema ni kwamba mimi sikuwa nikifuata majibu yao siku ile. Nilikuwa na deni la karo ya mihula miwili. Katika milioni 60 nilikuwa nimekwisha kuihesabu sehemu yangu, nikalilipa deni, na nikanunua kompyuta. Nilichagua kauli ya wanazuoni kama mtu anavyochagua nyanya sokoni, akiyageuza mafungu mpaka apate lile linalomfaa.

Hakimu haketi kuhukumu kesi ambayo fedha zake zimo ndani. Hilo twalijua wote. Lakini mwanafunzi wa dini akiulizwa na jamaa zake kuhusu mirathi, mahari au uuzaji wa shamba, mara nyingi yeye mwenyewe ni mmoja wa wenye kesi, na hakuna anayemwambia ainuke. Inambidi ainuke mwenyewe.

Abu Rafi na vyumba viwili

Niliporudi chuoni nilimweleza mwalimu wangu mmoja. Hakunipa hukumu. Alinituma nikasome mlango mmoja katika Kitabu cha Shuf’a cha Imam Bukhari, mlango wa kumwonyesha mwenye haki kabla ya kuuza.

Humo mna kisa cha Abu Rafi, aliyekuwa mtumwa aliyeachwa huru na Mtume (s.a.w.). Alikuwa na vyumba viwili ndani ya eneo la nyumba ya Saad bin Abi Waqqas (r.a.). Akamwendea Saad akamtaka avinunue. Saad akaapa kwamba hatanunua. Al-Miswar bin Makhrama, aliyekuwepo, akaapa kwamba Saad lazima avinunue. Saad akasema hatatoa zaidi ya elfu nne, tena kwa awamu. Abu Rafi akamjulisha kwamba kuna mtu amempa dinari mia tano. Kisha akasema kwamba lau si kumsikia Mtume (s.a.w.) akieleza kuwa jirani ana haki zaidi kwa sababu ya ukaribu wake, asingevitoa kwa elfu nne. Akampa.

Tuangalie hesabu. Dinari moja ilikuwa ikibadilishwa kwa kiasi cha dirhamu kumi. Dinari mia tano ni kama dirhamu elfu tano. Abu Rafi alipoteza sehemu moja katika tano, na alizikubali awamu. Hakuwa tajiri kuliko Saad.

Hapa nikaona jambo ambalo sikuwa nimeliona darasani. Tunabishana kama jirani ana shuf’a au hana, lakini hata wanaompa shuf’a hawampi punguzo. Wanampa haki ya kulipa bei ile ile. Kwa maana hiyo, hata kama kikao chetu kingehukumiwa kwa madhehebu ya Hanafi, baba mdogo asingepata kitu, kwa kuwa milioni 60 hakuwa nazo. Alichokifanya Abu Rafi kilivuka hukumu zote mbili. Alisikia neno la Mtume (s.a.w.) kuhusu jirani, na hakuuliza linamlazimisha kiasi gani. Aliuliza linamtaka nini.

Zipo hadithi nyingine za aina hii. Jirani asimzuie jirani yake kuingiza boriti katika ukuta wake: hii ameipokea Abu Huraira (r.a.), nayo imo katika Bukhari na Muslim. Wanazuoni wametofautiana kama ni wajibu au ni jambo la kupendekezwa. Lakini nenda Lamu, mji uliowekwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001, utazame nyumba za mawe zilivyobanana, na wikio, kile chumba kinachojengwa juu ya kichochoro kuunganisha nyumba ya huku na ya kule. Mji wa namna ile haujengwi na watu ambao kila mmoja anauliza tu, “Nani atanilazimisha?” Unajengwa na watu wanaojua kwamba boriti yangu italala kwako na yako italala kwangu, na watoto wetu watakaa chini yake. Babu yetu hakuwahi kufika Lamu, lakini alijenga kwa imani hiyo hiyo.

Hila ya kaka

Wakati mimi nasoma, kaka alikuwa na wasiwasi kwamba baba mdogo anaweza kukopa na kuifikia bei. Akanipigia simu na shauri: katika hati ya mauziano tuandike milioni 75, ili asijaribu. Mnunuzi atalipa 60, na hakuna atakayejua.

Hila hii ni kongwe. Mafakihi wa zamani waliijua, pamoja na ndugu zake: kutaja bei kubwa isiyolipwa, au kumpa mnunuzi zawadi ya ukanda mwembamba unaopakana na jirani, ili jirani asipakane tena na kile kinachouzwa. Imam Bukhari katika Kitabu cha Hila aliweka mlango wa hiba na shuf’a, na humo akakirudia kisa kile kile cha Abu Rafi. Ni kama anatuambia: ninyi mnatafuta njia ya kumkwepa jirani, na huyu alitafuta njia ya kumfikia.

Nilimwambia kaka kwamba sitatia saini bei ya uongo. Alikasirika. Akaniuliza swali ambalo ni la haki, na sitaki kulificha: “Baba mdogo alikuwa wapi baba alipokuwa hospitali? Si miaka miwili walikuwa hawasemeshani kwa sababu ya tangi la maji?”

Ni kweli. Baba mdogo si malaika. Waligombana kuhusu nani amemaliza maji, wakapitana njia moja bila salamu, na alikuja kuuguza siku za mwisho tu. Nikiandika kwamba ni mtu mwema aliyeonewa, nitakuwa nimeandika hila yangu mwenyewe. Lakini Sura ya An-Nisaa, aya ya 36, inapoamrisha wema, inamtaja jirani wa karibu na jirani wa mbali, na haikuweka sharti kwamba awe amekutendea wema. Jirani aliyetutendea mema tunamlipa deni, na hata asiyeamini anaweza kufanya hivyo. Mtihani uko kwa yule wa tangi la maji.

Ukimya uliokuwa ndani ya bei

Nilipokuwa nikiifikiria ile hati, nikakumbuka jambo jingine. Mnunuzi alitaka kubomoa. Je, alikuwa ameambiwa kwamba ukuta wa katikati unabeba boriti za mtu mwingine? Alikuwa ameambiwa kuhusu ufa wa mwaka 2020, ambao mama aliupaka chokaa? Nikamuuliza mama. Mama akanyamaza, kisha akasema, “Dalali alisema tusimchanganye.”

Hakim bin Hizam (r.a.) amepokea kwamba muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainisha, hubarikiwa katika biashara yao, na wakidanganya na kuficha, baraka hufutwa. Sikuhitaji mwalimu wa kunifafanulia hili. Hapa hakuna tofauti za madhehebu.

Nilipanda matatu kupitia Tororo, nikashuka Busia, nikaongozana na mama mpaka kwa mnunuzi. Tukamweleza: ukuta si wetu peke yetu, una ufa, paa ni moja, na ukibomoa upande huu utauangusha na ule. Alitushukuru. Baada ya siku tatu alituma ujumbe: bado anautaka upande wetu, lakini bila kubomoa, na kwa hali ilivyo atatoa milioni 48.

Milioni 12 ziliondoka. Kaka alisema nimezitupa ziwani. Mimi nadhani hazikuwahi kuwa zetu. Ilikuwa bei ya ukimya wetu, na sehemu yake ilikuwa bei ya paa la baba mdogo, tuliyokuwa tukiiuza bila kumwambia.

Ukarimu una mipaka

Hapa, ndugu msomaji, nilikaribia kuanguka upande wa pili. Kisa cha Abu Rafi kilikuwa kimenijaa kifuani, nikataka kusema: tumpe baba mdogo kwa milioni 40, tumalize, tupate thawabu.

Mwalimu wangu aliniuliza: “Abu Rafi alisamehe mali ya nani?” Nikasema, yake. “Na wewe unataka kusamehe ya nani?”

Mirathi yetu ilikuwa wazi. Mama ana thumuni, yaani sehemu moja katika nane. Kinachobaki ni cha watoto, mwanamume mara mbili ya mwanamke. Katika milioni 48, mama ana 6. Zinabaki 42, zinagawanywa mafungu sita ya milioni 7: kaka mafungu mawili, yaani 14; mimi 14; dada 7; na mdogo wetu 7.

Mdogo wetu ni yatima. Qur’ani katika Sura ya Al-An’aam, aya ya 152, inatukataza kuikaribia mali ya yatima isipokuwa kwa njia iliyo bora, na An-Nisaa mwanzoni mwake inaonya vikali wanaoila. Mafakihi wetu wa Shafi wanasema jengo au ardhi ya yatima haiuzwi ila kwa haja au maslahi ya wazi. Kuuza nyumba inayovuja kwenye ukingo wa ziwa kunaweza kuwa maslahi. Kuiuza chini ya bei kwa sababu kaka yake amesoma hadithi na moyo wake ukalainika, hayo si maslahi yake. Mtoto wa miaka 11 hawezi kusamehe, na mimi siwezi kusamehe kwa niaba yake. Vivyo hivyo kaka, ambaye hataki. Vivyo hivyo mama, ambaye angesamehe kwa kuwa wanawake wa rika lake wamezoea kuwa wa kwanza kusamehe, na hiyo ndiyo sababu nilimwomba asitangulie.

Ihsani ni kutoa kilicho chako. Ukitoa cha mwenzako ukajiita mkarimu, umemdhulumu kwa jina la dini, na dhuluma ya jina la dini ni ngumu zaidi kuiondoa kwa kuwa aliyedhulumiwa anaogopa kulalamika.

Tulivyomaliza

Nilikwenda Majanji kumwona baba mdogo. Nilimkuta akishona wavu. Nilimwambia kwamba siku ile ya Ijumaa nilimpa nusu ya hadithi, nikamsomea nusu iliyobaki. Akacheka kidogo akasema: “Mimi nilijua tu kuna kitu umekibana, mwanangu. Ulisema bila kunitazama.”

Nikamweleza hesabu yote. Nikamwambia kwamba katika milioni 14 zangu nitachukua 10. Zilizobaki nne ni zangu na nimezitoa kwa radhi yangu. Sehemu za wengine siwezi kuzigusa. Kwa hiyo kwake bei ni milioni 44. Alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akasema atauza mtumbwi mmoja kati ya miwili aliyo nayo.

Tuliandikiana mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi, bei ya kweli na ufa umetajwa. Awamu ya kwanza ilikuwa ya mdogo wetu, milioni 7 kamili taslimu, kisha mama, kisha kaka na dada. Mimi ni wa mwisho katika orodha. Maana yake ni kwamba deni langu la karo bado lipo na muhula ujao sitausoma. Nitakuwa Busia nikimsaidia mama kuuza vitenge. Kaka alipokea hati bila kusema kitu, na mpaka leo hatujarudi tulivyokuwa. Mnunuzi naye alikosa nyumba aliyoitaka ingawa hakutukosea lolote. Nilimpigia kumwomba radhi, akaipokea.

Sitaki mtu aseme kwamba nimeeleza kisa kilichomalizika vizuri. Kimemalizika kwa gharama. Sijui kama nitarudi chuoni kwa wakati. Ninachojua ni kwamba boriti za baba mdogo bado zimelala mahali babu alipozilaza.

Kwenu, wenzangu

Wengi wetu tutakuwa watu wa dini pekee waliosoma katika koo zetu. Tutaulizwa. Naomba tukumbuke mambo matatu ambayo nimeyanunua ghali.

Kwanza, kabla ya kujibu, jiulize unapata nini katika jibu hilo. Ukiona una sehemu, waambie jamaa zako wazi, kisha wapeleke kwa mtu asiye na sehemu.

Pili, tofauti za wanazuoni ni rehema kwa anayetafuta haki, na ni soko kwa anayetafuta nafuu. Dalili ni hii: ukijikuta umeikumbuka nusu ya dalili na kuisahau nusu nyingine, angalia ni nusu gani inakulipa.

Tatu, sharia imeweka kiwango ambacho ukishuka chini yake umedhulumu. Haikusema usimame hapo hapo. Kati ya kiwango hicho na alipofika Abu Rafi pana uwanja mpana, na katika uwanja huo hakuna kadhi, hakuna mwenyekiti wa mtaa, hakuna wa kukulazimisha. Uko wewe, jirani yako na Mola wako. Ila ukiingia humo, ingia na mali yako mwenyewe.

Tunamwomba Allah (S.W.) amrehemu baba yetu na babu yetu, aziunganishe nyoyo za ndugu waliotengana kwa ajili ya mali, aibariki mali ya mayatima wetu mpaka wakue, na atupe elimu inayotunufaisha sisi kabla ya kuwanufaisha wengine. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.